Vijana na mazoezi: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yangu

Mwaka wa tisa huu nafundisha netiboli mabinti wa miaka 12 mpaka 18 huku Mbagala, Dar es Salaam, na Jumamosi alfajiri tunaungana na wavulana tunapiga jogingi pamoja. Maswali yananifata kila mahali, gengeni, kwenye vikao vya wazazi, usiku kwenye WhatsApp mtu ananitumia voisi ya dakika nne anaulizia mtoto wake. Mengi yanajirudia, kwahiyo nimeyaweka hapa yote, we soma lile linalokuhusu na mengine ruka.

Kocha, kwani kijana anatakiwa afanye mazoezi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema kuanzia miaka 5 mpaka 17 mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku, na ziwe za kumpandisha mapigo ya moyo. Halafu siku 3 kwa wiki au zaidi awe na kitu kikali kidogo, cha kukimbia kwa kasi, kuruka, kuvuta, kusukuma, vile vinavyojenga misuli na mifupa. Wamesema wastani, manake Jumatatu akipata nusu saa na Jumamosi saa moja na nusu hakuna shida. Wala sio lazima dakika zote ziwe za mkupuo mmoja, robo saa asubuhi kwenda shule, dakika ishirini mapumziko, jioni nyingine, vinajumlishwa.

Ukitaka kujua kama anafanya kweli au anazurura tu, msikilize. Kama anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hiyo ni nguvu ya kati. Kama hata kuongea anakatakata maneno, hiyo ndo kali.

Je kazi za nyumbani na kutembea kwenda shule vinahesabika?

Vinahesabika, tena sana. Mtoto anayetembea haraka dakika 25 kwenda na 25 kurudi tayari ana dakika 50 mfukoni kabla hajagusa mpira. Kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani, kufua kwa mkono, kulima, kudeki nyumba nzima, mwili hauulizi kama umevaa jezi.

Ila naomba niseme kitu hapa maana huwa kinanikera. Nyumba nyingi binti anachota maji, anapika, anaosha vyombo, kaka yake yuko kiwanjani, halafu jioni binti akisema amechoka anaambiwa mvivu. Huyo hajawa mvivu, huyo ameshafanya mazoezi ya siku nzima isipokuwa hakuna aliyempigia makofi. Kazi inampa jasho lakini haimpi marafiki wala kushangilia wala kule kujua kwamba mwili wake unaweza kitu. Gawa kazi, kaka naye aoshe sufuria, halafu dada apate saa moja yake ya kucheza.

Ni kweli watoto wa siku hizi ni wavivu kuliko sisi?

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote na kila mara mzazi anauliza huku ana jibu lake tayari. Mie nakataa. Twende taratibu.

Kwanza tatizo ni la dunia nzima. Mwaka 2019 watafiti wa WHO walitoa takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 mpaka 17 kutoka nchi 146, wakakuta asilimia 81 hawafikishi hizo dakika 60, wavulana asilimia 78 na wasichana 85. Korea Kusini wasichana ilikuwa 97. Nchi tajiri zimo, maskini zimo. Sasa huwezi kuniambia vijana wanne kati ya watano wa dunia nzima wamezaliwa na uvivu, kuna kitu tumekibadilisha sisi wakubwa.

Kumbuka sisi tulikuwa na nini. Shuleni kulikuwa na mchakamchaka, saa kumi na mbili asubuhi mko mstarini, mmoja anaanzisha wimbo wengine mnaitikia, mnazunguka kijiji kizima vumbi linatimka, na hakuna aliyeita hiyo kitu mazoezi, ilikuwa ndo asubuhi. Jioni wavulana chandimu, mpira wa makaratasi na soksi, wasichana rede, yule wa katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa, au kuruka kamba, na giza likiingia kombolela. Hakuna mzazi aliyelipia hata shilingi. Hakuna aliyetupeleka.

Sasa angalia leo. Hapa nyuma ya nyumbani kwangu kulikuwa na uwanja wenye magoli mawili ya mirunda, mie nimeuona kwa macho yangu. Ilianza fremu moja ya mangi pembeni ya kona, ikaja gereji, ikaja ukuta, na sa hivi watoto wanapiga danadana kwenye kichochoro cha upana wa bajaji, mpira ukigonga geti la mtu unachanwa kwa kisu. Mtoto wa hapo atafika dakika 60 vipi? Shule nayo, kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba imebandikwa ukutani kabisa, lakini ukifika muda huo ticha wa hesabu yuko ubaoni. Akitoka saa tisa anaingia tuisheni mpaka saa kumi na mbili. Na wa shule za kulipia ndo kabisa, anafatwa na basi mlangoni saa kumi na moja alfajiri, anakaa, anafika anakaa, anarudi amekaa.

Huko Kenya waliwahi kuwapima vijana wa vijijini na wa mjini kwa vifaa vya kuhesabu mwendo, wa vijijini wakakutwa wanajongea zaidi kwa mbali. Kijijini mtoto anatembea kwenda shule, ana shamba, ana mbuzi, ana uwanja, mjini hana. Mtoto yuleyule ukimhamisha mjini kwa shangazi yake miaka miwili atakaa kwenye kochi kama wenzie.

Binti yangu darasa la saba alikuwa anacheza kila kitu, kafika fom tuu kaacha kabisa. Nini kimetokea?

Kuna mambo matano sita yanamkuta kwa wakati mmoja na yeye hasemi hata moja.

Mwili umebadilika. Akikimbia kifua kinatikisika, na wavulana pembeni ya uwanja wanapiga miluzi. Nilikuwa na binti mmoja, mchezaji mzuri kweli, anacheza senta, akaanza kuja mazoezini na sweta zito mwezi wa kwanza joto la Dar unalijua. Nikamuuliza mara mbili anasema anasikia baridi. Siku moja akanivuta pembeni akanionesha, amevaa sidiria mbili na kanga imefungwa juu yake kwa kubana, anapumua kwa shida, mbavu zina alama. Tulienda wote sokoni, kwenye marundo ya mtumba tukapata tatu za michezo zinazobana vizuri, bei ya chipsi sahani mbili. Wiki iliyofata alikuja bila sweta. Angeacha netiboli kwa ajili ya kitu cha bei ya chipsi, na mama yake alikuwa ananiambia "huyu siku hizi ana kiburi".

Halafu nguo za michezo. Shule nyingine inataka binti avae kisketi kifupi au bukta mbele ya shule nzima, hajisikii huru, anasingizia tumbo. Mruhusu taiti ndefu chini, mruhusu traksuti, mpira wenyewe haubadiliki. Kwa wanaojifunika, hata huko juu walishaelewa, soka duniani liliruhusu hijabu rasmi 2014, mpira wa kikapu ukafata 2017, sasa ticha wa mtaani kwetu anamtoa mtoto uwanjani kwa sababu ya hijabu anatumia sheria gani? Na kule Nungwi Zanzibar kuna mradi wa Panje ambao umefundisha mabinti kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuogelea za kusitiri mwili mzima. Wanazaliwa na bahari mlangoni na zamani wengi hawakujua kuogelea kabisa. Ilipopatikana nguo inayokubalika na mwalimu wa kike, wazazi walewale waliokataa wakakubali.

Kuna hedhi, nitaisemea chini. Kuna kazi za nyumbani nimeshazisema. Kuna giza, mazoezi yakiisha saa kumi na mbili na nusu na anapita njia ya pori au pale vijiweni, mzazi anakataza na yuko sahihi kuogopa. Sisi tunamaliza saa kumi na moja na dakika 45 na wanaondoka kwa makundi ya mtaa mmoja, hakuna anayetembea peke yake, na kabla hatujaweka utaratibu huo nilipoteza wachezaji sita kwa msimu mmoja.

Na kuna marafiki. Rafiki yake akiacha na yeye anaacha. Ndo maana nikimkosa mmoja siku mbili simtafuti yeye, namtafuta rafiki yake.

Nasikia mazoezi na kuendesha baiskeli vinamtoa binti bikra. Ni kweli?

Hapana. Kile kijingozi cha ukeni wanachokiita bikra kinatofautiana kwa kila mwanamke tangu kuzaliwa, wengine wanazaliwa nacho kidogo sana, na hakithibitishi chochote. Mwaka 2018 WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa tamko kwamba hakuna kipimo chochote cha mwili kinachoweza kuonesha kama msichana ameshafanya tendo au hajafanya, na wakataka vipimo hivyo vikomeshwe. Mpe mtoto baiskeli.

Akiwa kwenye siku zake apumzike?

Akitaka apumzike, asipotaka acheze. Hakuna madhara, na wengi wakijinyoosha na kutembea tumbo linapungua maumivu. Tatizo kubwa ni pedi na sehemu ya kubadilishia. Kenya tangu 2017 sheria inaitaka serikali itoe pedi bure kwa wasichana mashuleni. Kwetu mie naweka pakiti mbili kwenye begi la mipira, kila mtu anajua zipo mfuko wa pembeni, anachukua bila kuomba. Hiyo ya kutoomba ni muhimu kuliko pedi zenyewe. Ila kama kila mwezi anatoka damu nyingi sana, anaishiwa pumzi akipanda ngazi, viganja vyeupe, mpeleke apimwe damu, usimwite mvivu mtu ambaye damu haitoshi.

Mwanangu anasema anachukia mazoezi, kabisa kabisa. Kuna watoto wa hivyo?

Nikikutana na mtoto wa hivyo namuuliza swali moja tu, mara ya kwanza ulifanyishwa mazoezi na nani na ulikuwa umekosa nini?

Maana fikiria wenyewe. Amechelewa namba, anaruka kichurachura kuzunguka mlingoti. Ameongea darasani, pushapu ishirini. Hajafanya homuweki, akimbie raundi tano uwanjani juani wenzie wanamwangalia dirishani. Mtoto anafundishwa kwa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari kwamba kukimbia ni adhabu, kuruka ni adhabu, jasho ni aibu, halafu akifika miaka kumi na nane tunashangaa haamki asubuhi kukimbia. Alikuja kwangu mtoto wa kiume wa miaka 14, nikasema tu "haya tupige kichura kumi kupasha misuli", akasimama palepale macho yamejaa machozi akaniuliza "nimekosa nini kocha?" Tangu siku hiyo kichura kimetoka kwenye mazoezi yangu, nimeweka kuruka kamba badala yake, mapaja yanafanya kazi ileile.

Walimu mnaosoma hapa, nawaomba kwa dhati, tafuteni adhabu nyingine.

Na wapo ambao hawachukii kujongea, wanachukia kushindanishwa. Anachaguliwa wa mwisho kila siku, akipewa pasi akikosea anazomewa. Mtoto wa hivyo usimpeleke kwenye timu, mpe muziki. Singeli! Nyimbo tatu za singeli mfululizo ukizicheza kwa haki yake umelowa mgongo mzima, ile kasi hata mie mkimbiaji inanitoa pumzi. Wasichana wanne wanajifunza staili ya TikTok uani mwaka mzima, hayo ni mazoezi, usiwafukuze ukawaita wahuni. Wengine ni karate, wengine baiskeli, wengine kutembea tu na rafiki wanapiga stori.

Akicheza sana si atafeli? Mwakani ana mtihani wa fom foo.

Hofu hii naielewa, ada umeuza mahindi. Lakini tafiti zinaonesha kinyume na tunavyodhani, vijana wanaojongea vya kutosha umakini wao na kumbukumbu vinakuwa bora au vilevile, sio chini. Wangu wa fom foo siwatoi, nawapunguzia, siku mbili kwa wiki badala ya nne. Yule anayeacha kabisa mwezi wa tatu "asome" huwa namwona, muda alioacha haujaenda kwenye kitabu, umeenda kwenye simu na usingizi wa mchana.

Usingizi wenyewe usiuguse. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Kama amelala saa tano usiku na jogingi ni saa kumi na moja alfajiri, bora asije.

Simu je? Si ndo chanzo cha yote?

Simu ni chanzo kimoja, nisiseme uongo. Gemu la Free Fire linaweza kula jioni nzima, na kibanda cha PlayStation pale kona kimejaa wavulana saa kumi jioni muda ambao ndo wa mpira. Lakini nimeona pia kinyume. Bando likiisha wanatoka, wanakuja kiwanjani, kiwanja kipo. Mtaa ambao hauna kiwanja bando likiisha wanakaa barazani wanasubiri bando. Kwahiyo ukimnyang'anya simu bila kumpa pa kwenda umemwongezea hasira tu. Mie natumia simu hiyohiyo, tuna grupu, saa tisa na nusu nani anakuja nani haji, na mmoja anarekodi mechi anawakatia vipande vya dakika moja, hawakosi maana wanataka kujiona.

Mwanangu mnene na wenzie wanamcheka. Nimlazimishe kukimbia apungue?

Usimlazimishe na nakuomba neno kupungua usilitamke kabisa mbele yake. Kijana anayefanya mazoezi ili apungue anaangalia mizani wiki mbili, haioni imeshuka, anaacha. Anayefanya kwa sababu anapenda anaendelea, na faida za moyo, sukari, usingizi na hali ya moyo kutulia anazipata hata uzito usiposhuka. Anza na vitu ambavyo unene haumwangushi, kuogelea kama kuna maji salama na mtu wa kumwangalia, kurusha tufe, golikipa, kutembea mwendo mrefu. Na nyumbani kaka zake waache kumwita bonge. Utani wa mezani unaumiza kuliko wa shule, wa shule anaukimbia akirudi nyumbani, wa nyumbani anaukimbilia wapi?

Wavulana wananyanyua vyuma vya zege uani. Si watadumaa?

Hawadumai. Hiyo imani ya kwamba vyuma vinazuia urefu haina ushahidi, mazoezi ya nguvu yakifanywa kwa mpangilio na mtu anayejua ni salama kwa vijana na yanajenga mifupa. Na mifupa inajengwa umri huu huu, takriban robo ya mifupa yote ya utu uzima inawekwa kwenye ile miaka miwili mtoto anaporefuka kwa kasi, ukiikosa hairudi.

Hatari iko kwingine. Yale makopo ya saruji yaliyochomekwa bomba uzito wake haujulikani na upande mmoja mara nyingi mzito kuliko wa pili, wanashindana nani kanyanyua zaidi, mgongo umepinda. Nawaambia waanze na uzito wa mwili, pushapu, kujivuta kwenye mti wa mwembe, na wakinyanyua chuma kiwe anachokiweza mara 10 mpaka 15 bila kutetemeka. Energi drinki zile za chupa kabla ya mazoezi hapana, hazifai kwa watoto na vijana. Maji, na chumvi na sukari atapata kwenye ugali na ndizi.

Ana uvimbe mgumu chini ya goti na unauma akiruka. Nimpeleke kwa mganga?

Mpeleke hospitali wamwangalie, lakini usiogope sana. Mara nyingi kwa mtoto wa miaka 10 mpaka 15 anayecheza na anarefuka, pale ambapo mshipa wa goti unashika mfupa panavutwavutwa panavimba. Inaisha yenyewe akimaliza kukua. Apunguze kuruka wiki kadhaa, barafu, na anyooshe misuli ya paja. Kama goti zima limevimba, ana homa, au maumivu yanamwamsha usiku, hiyo ni tofauti, nenda haraka.

Ana pumu, au ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Si bora akae tu?

Wa pumu anaweza kucheza karibu kila kitu kama dawa zake anatumia sawasawa, pampu yake ikae kwa kocha uwanjani, sio kwenye begi lililofungwa stoo.

Wa selimundu nae ajongee, ila kwa akili. Maji mengi kabla na wakati wa mchezo, apumzike akitaka yeye bila kuuliza, asishindanishwe mpaka aishiwe nguvu, asikae na nguo mbichi kwenye baridi au mvua, na daktari wa kliniki yake ndo aseme mpaka wapi. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, kwahiyo kocha yeyote mwenye watoto mia lazima ajue hili. Ninae mmoja ni mtunza muda wetu na anacheza dakika tano za kila kota, na akiingia uwanja mzima unamshangilia.

Na yeyote anayezimia katikati ya kukimbia, hata kama ameamka palepale anacheka, asirudi uwanjani mpaka moyo umepimwa.

Ramadhani tunafanyaje?

Mwezi mzima tunapunguza. Wanaofunga tunajongea kidogo nusu saa kabla ya futari ili wakimaliza wanywe, au baada ya tarawehe kama kuna taa. Hakuna jogingi ya asubuhi. Na wasiofunga hawanywi maji mbele ya wenzao, hiyo walijiwekea wenyewe.

Mwanangu ana mbio sana. Nimwingize marathoni awe kama Simbu?

Furaha yako naielewa, Septemba 2025 Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, mtaa wetu tuliangalia marudio mpaka simu zikaisha chaji. Lakini angalia miaka yake. Shaba ya dunia aliipata London 2017 akiwa na miaka 25, dhahabu akiwa na 33. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch 1974 akiwa na miaka 20, na hiyo ni mita 1500, sio kilomita 42.

Mtoto wa miaka 14 akimbie mita 800, 1500, aruke, acheze mpira, afanye kila kitu. Akipata nafasi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mpeleke, ataanzia shuleni, wilaya, mkoa, akifika taifa ataonana na watoto wa mikoa yote na hiyo safari hawezi kuisahau. Ila mzazi anayemkimbiza mtoto barabarani kilomita 20 kila asubuhi na fimbo ya maneno nyuma yake, huyo anamaliza goti na anamaliza hamu. Nimewaona wawili, wote leo hawakimbii.

Mie mzazi nisiye mwanamichezo nafanya nini?

Fika. Dakika kumi tu, simama pembeni ya uwanja, aone umefika. Nimeona mtoto anabadilika uchezaji palepale akimwona baba yake na begi la kazini kasimama pale. Usimfundishe kutokea pembeni, kazi hiyo niachie. Na kama unaweza, Jumamosi njoo jogingi na wewe, huku Temeke yote klabu za jogingi zimejaa, watu wazima wanaimba barabarani, mtoto anayemwona mama yake anakimbia hana haja ya kuhubiriwa.

Mtaa wetu hauna kiwanja kabisa. Tufanyeje?

Kuna viwanja vya wazi vikubwa mjini, mfano JMK Park pale Kidongo Chekundu vijana wanacheza soka na kikapu, lakini nauli ya kila siku hamna, na mnajua konda anavyowazuia wanafunzi mlangoni mwa daladala. Kwahiyo tafuteni karibu.

Sisi tulianza na mjumbe. Tukamwomba atuandikie barua kwa shule ya msingi iliyo jirani, uwanja wao ulikuwa unafungwa saa tisa na nusu na kukaa mtupu mpaka kesho. Mwalimu mkuu akasema hofu yake ni uharibifu na usalama, tukampa majina ya wazazi wanne wa zamu na tukaahidi kufagia. Wiki tatu baadae tukapewa funguo. Kama shule imekataa, ongea na msikiti au kanisa, uwanja wa kuegesha magari siku za kazi huwa hauna kitu. Kama hakuna hata hapo, kichochoro kinatosha kamba na rede, funga njia kwa benchi mbili kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, bodaboda wazungukie, mjumbe akisimamia watakubali.

Kisha kuna swali la nani anatumia lini, na hili msiliache. Tulipopata uwanja wavulana waliujaza siku zote saba, mabinti wakabaki kukaa ukutani wanaangalia. Hakuna aliyewafukuza, ila hakuna aliyewaachia nafasi. Tukakaa kikao, tukachora ratiba kwa chaki kwenye ukuta wa choo, Jumanne na Alhamisi ni za netiboli, na kapteni wa wavulana ndo mwenye kazi ya kuhakikisha. Wiki ya kwanza walilalamika. Alhamisi iliyopita nilichelewa, nimekwama foleni Rangi Tatu, nafika saa kumi na nusu nakuta wavulana ndo wamebeba nguzo za goli la netiboli kutoka stoo, wamezisimika, wamemwagia maji uwanja vumbi litulie, na mabinti kumi na tisa wameshaanza kupasha.